Yaliyomo Tumboni mwa Samaki

Mimi si mtu wa pwani kwa kuzaliwa. Nilizaliwa juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mahali ambapo maji ya kunywa yalihesabiwa kwa kata, na samaki tuliyemjua sisi watoto alikuwa ng'onda tu: amepasuliwa, ametiwa chumvi, amekauka kama ubao, na ameletwa kwa baiskeli na wachuuzi kutoka Mikindani. Samaki wa namna hiyo hana matumbo. Kwa hiyo nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mwenye cheti cha chuo mfukoni, nilipomwona kwa mara ya kwanza samaki mbichi akipasuliwa.

Ilikuwa mwaka 1973. Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Mtwara, kwenye njia ya kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa amekaa kigodani uani, nguru mbele yake. Alipolipasua tumbo, yakamwagika matumbo, na juu ya ini nikaona vitu vyeupe vimejikunja kama uzi wa kushonea, na kimoja kikajinyoosha. Nilirudi nyuma hatua mbili. Yule mama akacheka.

"Mwalimu, unaogopa nini? Hao ni wapangaji wake. Na wewe si mpangaji?"

Akayatupa matumbo kwa kunguru, na usiku ule nilikula nguru yule kwa wali wa nazi nikasahau. Lakini neno lake halikunitoka, na sasa, baada ya miaka zaidi ya hamsini, nimeona niandike juu ya wapangaji hao na juu ya mgeni mwingine asiyeonekana kwa macho aliyeingia katika matumbo ya samaki wetu: sumu. Historia ya pwani hii imeandikwa mara nyingi. Tumefundisha madarasani habari za biashara ya Mikindani, za Livingstone aliyeshuka hapo mwaka 1866 akaelekea Ruvuma, za Wajerumani, za mradi wa karanga ulioleta bandari yetu. Historia ya sumu katika bahari hii sikuwahi kuifundisha hata kipindi kimoja. Naiandika kidogo hapa, si kwa sababu mimi ni mtaalamu, bali kwa sababu nilishiriki kuitenda.

Sumu ya kwanza ilikuwa ya wazee wenyewe, nayo ni utupa. Majani ya mmea huo hupondwa, yakatiwa katika dimbwi lililoachwa na maji yaliyokupwa, na samaki huelea wamelewa. Mzee mmoja fundi wa nyavu, ambaye atarudi tena katika habari hii, alinieleza kwamba zamani utupa haukutiwa ovyo. Palikuwa na madimbwi yake na siku zake, na aliyetia bila ruhusa aliitwa barazani. Wanakemia wamekwisha kuichambua sumu hiyo. Ni ya jamii ya rotenoni, huua au hulevya viumbe vyenye mashavu ya kupumulia majini, na jua likiipiga huvunjika baada ya siku chache. Sisemi kwamba utupa ni jambo jema, maana huua vifaranga vya samaki pamoja na wazazi wao, na sheria imeukataza. Nasema tu kwamba ni sumu inayokufa. Mzee yule aliijua tabia yake hiyo, na kwa kuijua alidhani kila sumu ni hivyo. Mimi mwenye cheti nilidhani vivyo hivyo.

Sumu iliyofuata haifi upesi. Mwaka 1939 mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba unga mweupe uliojulikana maabara tangu karne ya nyuma huua wadudu kwa kuwagusa tu. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake, na hapana wa kumlaumu, maana DDT ilikuwa imeokoa watu wengi katika homa ya chawa na malaria wakati wa vita. Baada ya vita unga huo na ndugu zake wakafika kwetu. Katika milima ya Upare na Taveta nyumba zilipuliziwa dieldrini katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Unguja na Pemba nazo zilipuliziwa nyumba kwa nyumba mpaka mwaka 1968. Mbu walipungua kweli, watoto walipona kweli. Mtu akisimulia habari za DDT bila kutaja hilo hasemi ukweli wote.

Ila kutoka ukutani unga ule ulikwenda shambani, na kutoka shambani ukaingia ghalani. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka. Tuliutia katika kikonyo cha mhindi mchanga kuua bungua. Tuliuchanganya na maharage ya mbegu, na wengine na ya kula. Tuliumwaga kitandani kwa ajili ya kunguni. Nimemwona kwa macho yangu mchuuzi, katika njia ya Masasi, akinyunyizia ng'onda wake unga mweupe ili fukusi wasiwale, naye alifanya hivyo hadharani, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha wateja kwamba bidhaa yake inatunzwa. Jina letu kwa vitu hivyo vyote lilikuwa moja tu: dawa. Lugha yetu ni tajiri, lakini hapo ilituponza. Aliyeambiwa "dawa imebaki kidogo" hakuwa na sababu ya kuogopa.

Wenzetu wa Marekani walianza kuogopa mwaka 1962, Rachel Carson alipotoa kitabu chake *Silent Spring*. Alichokieleza, kwa lugha ya darasa la saba, ni hiki. DDT haipatani na maji, inapatana na mafuta. Ikianguka baharini haitawanyiki ikaisha, bali hujishika kwenye tope na kwenye vijimea vidogo visivyoonekana. Vijimea huliwa na wadudu wa maji, wadudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na kibua, kibua huliwa na nguru na papa, na kila mlaji huhifadhi katika mafuta yake mwenyewe sumu ya wote aliowala. Anayekaa juu ya ngazi hiyo hubeba nyingi kuliko wote. Katika samaki mafuta mengi hukaa kwenye ini, na ndiyo maana mabaharia wetu walipata sifa ya kupakia majahazi yao kutoka ini la papa. Katika binadamu mwanamke, mafuta hutoka kwa njia ya maziwa. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo la maziwa, kwa sababu nitalirudia.

Kwa upande wetu wa kusini lazima nitaje salfa, maana mgeni akifika Mtwara wakati wa kupuliza mikorosho atadhani hiyo ndiyo sumu ninayoizungumzia. Siyo. Korosho za Tanzania zilifikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka hadi tani 16,500 hivi mwaka 1986/87, kwa sababu ya watu kuhamishiwa vijijini na kuacha mashamba yao, bei mbaya, na ugonjwa wa ubwiri unga uliotokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Salfa ya unga ndiyo iliyoiokoa mikorosho. Wachunguzi wa udongo waliuliza kama inauchachusha udongo wetu wa kichanga, na ni swali la haki, lakini salfa haipandi ngazi ya walaji mpaka kwenye ini la nguru. Tusichanganye wezi na wapita njia.

Sasa nifike penye jambo langu.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine katika vijiji hivyo hivyo vya kuelekea Ruvuma. Jina la shule silitaji, maana kosa si la shule. Tulikuwa na shamba la mahindi na mihogo kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea, na stoo ya shule ilikuwa na kila kitu: majembe, ngoma ya bendi, unga wa uji wa watoto, na kwenye kona moja mifuko saba ya DDT ya unga pamoja na chupa tano au sita za dawa ya maji, ambazo karatasi zake zilikwisha kuliwa na mchwa. Vitu hivyo nilivirithi. Paa lilikuwa likivuja. Masika ya 1986 mfuko mmoja ulipasuka, na unga ule mweupe ukaonekana sakafuni hatua mbili tu kutoka kwenye unga wa uji. Nilishtuka, na kushtuka kwangu kulikuwa kwa haki. Tena mkaguzi wa shule alikuwa anatazamiwa wiki iliyofuata. Kusema kweli, sijui hadi leo ni kipi kilinisukuma zaidi, unga wa uji au mkaguzi.

Nikachukua wavulana wanane wa darasa la saba. Tukabeba mifuko na chupa hadi ukingoni mwa mikoko, penye mchanga mwepesi, kwa kuwa hapo kuchimba ni rahisi, na ni mbali na kisima cha kijiji. Kisima nilikifikiria. Bahari sikuifikiria. Tukachimba shimo la kimo cha kifua cha mtoto, tukatumbukiza, chupa zikavunjika, harufu ikapanda kali, tukafukia. Niliwaambia wanafunzi kwamba ile ni dawa iliyoisha nguvu. Wakanawa mikono baharini, nikawaruhusu kwenda nyumbani mapema.

Siku ile maji yalikuwa mafu. Mtu wa Newala huyaona maji yako kule mbali, akafikiri hapo ndipo yanapokaa. Wiki moja baadaye likaja bamvua.

Asubuhi mstarini nusu ya wanafunzi hawakuwepo. Wakaja saa mbili, wamelowa, wanakimbia, wana vikapu na kanga zimejaa. "Mwalimu, bahari imetoa!" Nyuma ya mikoko palikuwa na dimbwi kubwa lililobaki baada ya maji kupwa, na juu yake walielea mkizi, chaa, tasi, na kamba wasiohesabika. Kijiji kizima kilishuka. Ilikuwa mwezi wa njaa ndogo, kabla ya mavuno, na watu walishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilisimama kwenye ukingo wa mikoko, nikatazama mahali tulipofukia, nikaona mchanga umebonyea na maji yamesimama. Nilijua. Sikusema neno.

Mwanafunzi mmoja, katika wale wanane, aliniletea nyumbani tungo la samaki sita. Mke wangu akawapika. Ningewezaje kuwakataa bila kueleza? Nilikula. Watoto wakala. Mke wangu alikula vizuri kuliko sote, kwa kuwa alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa tatu. Hakuna aliyeumwa usiku ule, wala wiki ile, na jambo hilo nililichukua kama hati ya kuachiwa huru. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye watoto wake na hana neno. Hilo halinisaidii kama nilivyodhani lingenisaidia.

Jioni ya siku ya tatu yule mzee fundi wa nyavu alinikuta barabarani.

"Mwalimu, mlitupa nini kule mikokoni?"

"Takataka za shule, Mzee."

Alinitazama kidogo. "Ungeniuliza, ningekuonyesha bamvua linapofika."

Hakusema zaidi, wala hakunishitaki kwa halmashauri ya kijiji. Alifariki miaka ya 1990, na mimi sikuwa nimemjibu.

Baadaye, nikiwa nimestaafu, nilisoma kwamba mwaka ule ule wa 1986 nchi yetu ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu tani 170, ambavyo baadhi vilikuwa vimekwisha muda wake. Vikawekwa kwenye banda la shamba la serikali la Vikuge, wilaya ya Kibaha. Banda likaanguka, mvua ikavinyeshea. Hata baada ya kusafishwa, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta udongo wa juu wa sehemu nyingine una DDT kufikia asilimia 28, yaani katika kilo ya udongo zaidi ya robo ni sumu, na visima vya karibu navyo vimeguswa. Niliposoma habari hizo nilipata faraja ya kijinga, ya mtu aliyeiba kuku akisikia kuna aliyeiba ng'ombe. Mimi mifuko saba, wao tani 170. Kisha nikahesabu shule ngapi katika mkoa mmoja zilikuwa na stoo kama yangu, vyama vya ushirika vingapi, maghala mangapi ya vijiji, na walimu wakuu wangapi wenye hofu ya mkaguzi.

Kwani mashimo hayo hayakuwa ya pwani peke yake. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, ukatembea kilometa mia nane hivi hadi kwetu, na njiani hupokea maji ya mashamba ya mahindi na tumbaku, ya mikorosho ya Tunduru na Masasi, na ya upande wa Msumbiji kupitia Mto Lugenda. Mdomoni pake tope hilo hutua kwenye mikoko, mahali ambapo samaki wadogo hulelewa. Na bahari yenyewe haitulii. Mkondo unaotoka mashariki ya mbali hugonga pwani karibu na hapa kwetu ukagawanyika, tawi moja likashuka Msumbiji, jingine likapanda Kilwa, Mafia na Zanzibar. Maji ya Mtwara hayabaki Mtwara.

Kwa kweli sumu haina mpaka. Wasomaji wanamjua silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa amekwisha duniani tangu enzi za madubwana, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye walionekana Komoro, mkabala na pwani yetu, na kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamewanasa, wengi wao Tanga. Silikanti hukaa kwenye giza, kwenye mapango ya chini ya bahari, kina cha zaidi ya mita mia moja. Mwaka 1991 wanasayansi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa silikanti wa Komoro. Ndani ya mafuta yake walikuta DDT, pamoja na kemikali za viwandani zitumiwazo kwenye transfoma. Samaki aliyejificha asionekane na binadamu kwa miaka mamilioni, unga wetu ulikuwa umekwisha kumfikia.

Sasa niwarudie wapangaji.

Mjukuu wangu wa kike amesomea sayansi ya viumbe vya majini Dar es Salaam. Likizo moja alikuja nyumbani, nikamsimulia habari ya nguru wa 1973, nikitazamia acheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Babu, walikuwa juu ya ini au ndani ya utumbo?" Ndipo akanifungulia jambo ambalo laiti ningalilijua nilipokuwa nafundisha.

Kuna minyoo wa aina aina katika samaki. Wale niliowaona juu ya ini yaelekea walikuwa wachanga wanaosubiri kuliwa na mnyama mkubwa zaidi, pomboo au nyangumi, ndipo wakomae. Wako wengine wanaokaa ndani ya utumbo, wana pua yenye miiba wanayojishikiza nayo ukutani. Wataalamu huwaita akantosefala. Mnyoo huyo hana kinywa wala utumbo wake mwenyewe, hunywa kwa ngozi kila kinachopita mbele yake. Na risasi ikiingia katika samaki hupita kwenye ini, ini huisukuma pamoja na nyongo, nyongo humwagika utumboni, na hapo mpangaji anaipokea yote. Mwaka 1994 Bernd Sures na wenzake wa Ujerumani walipima samaki wa Mto Ruhr, mto wa viwanda, wakakuta kwamba minyoo yao ina risasi mara 2,700 hivi kuliko nyama ya samaki mwenyewe. Maji yakipimwa unaweza usione kitu, nyama ikipimwa unaweza usione kitu, lakini mnyoo ameandika yote. Mwaka 1999 wakaonyesha la ajabu zaidi: samaki mwenye minyoo hiyo hubaki na risasi kidogo katika ukuta wa utumbo wake kuliko asiye nayo, kana kwamba mpangaji analipa kodi. Na mwaka 2003 hata samaki wa bahari ya barafu ya kusini, penye viwanda hapana, walikutwa na minyoo iliyokusanya risasi kuliko wao.

"Kwa DDT mnyoo si shahidi mzuri hivyo," mjukuu wangu akanionya, maana nilikwisha kusisimka. "Kwa DDT uliza ini."

Mnyoo kwa risasi, ini kwa DDT. Vyote viwili ndivyo tunavyowatupia kunguru.

Risasi ninaitaja si kwa ajili ya Wajerumani tu. Kwenye vijiji vyangu vyote viwili niliona mafundi wakiyeyusha betri za magari katika sufuria ili kutengeneza chubwi za mishipi, moshi ukitanda na watoto wamezunguka moto. Maji ya betri yalimwagwa pale pale. Nimeona wavulana wakiibana chubwi kwa meno ili ishike uzi. Bara lote la Afrika kusini ya Sahara liliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ni kazi kubwa iliyofanywa. Lakini chubwi hazikuacha kuyeyushwa. Tangu miaka ya karibuni kuna na makaa ya mawe yanayopakiwa bandarini kwetu, ambayo vumbi lake lina metali zake. Mimi siyapingi makaa, vijana wanapata kazi. Ningependa tu pawe na daftari.

Maana daftari tulilazimishwa kulifungua mara moja, nalo si la bahari. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuwa watu walikuwa wakivua kwa kutia thiodani ziwani. Viwanda vya Mwanza vikasimama, maabara zikatafutwa haraka haraka, wakaguzi wakaajiriwa. Samaki wa kwenda Ulaya alipimwa. Tasi na mkizi wa kwetu hawaendi Ulaya. Haikosi wapo wachache waliofanya kazi nzuri bila kulazimishwa: mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kwamba samaki na viumbe wengine wa kuliwa wa pwani ya jiji hilo wana mabaki ya DDT na dieldrini. Nchi ikaridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na DDT ikabakizwa kwa ajili ya mbu peke yake. Upande wetu, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikapigana na baruti na nyavu za juya. Baruti ina mlio, kila mtu anaisikia. Shimo langu halikuwa na mlio.

Mwaka 2023 nilikuwa sokoni Feri, Mtwara mjini, nikimsubiri mjukuu wangu achague changu. Mtu wa makamo akanijia, ndevu zina mvi, ananukia bahari.

"Shikamoo, Mwalimu. Umenisahau?"

Nilikuwa nimemsahau. Akajitaja, na lilipotoka jina lake nikaliona tungo la samaki sita. Ana mashua yake sasa, na wajukuu wawili. Tukakumbushana walimu, viboko, mechi za mpira. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, "Mwalimu, unaikumbuka siku ile bahari ilipotoa? Haikutoa tena vile. Watoto wangu huwasimulia, hawaniamini."

Nilikuwa na nafasi ya kucheka pamoja naye nikaondoka. Umri wangu ungeniruhusu. Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu, anasikia, na yeye anajua. Nikamshika mkono yule mtu, tukakaa kwenye ukingo wa saruji, nikamweleza yote: mifuko saba, chupa, bamvua, na kwamba dawa ile haikuwa imeisha nguvu. Nikamwambia kwamba yeye na wenzake saba niliwatia mikono ndani ya sumu bila kuwaambia.

Alinyamaza muda mrefu. Nilitazamia hasira, na ingekuwa haki yake. Akauliza tu, "Na lile shimo, Mwalimu, liko pale pale?"

Wiki ile ile tulikwenda, yeye, mimi na mjukuu wangu aliyebeba vichupa vyake vya kuchukulia udongo. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mimi nilikuwa nimeweka alama kichwani kwa miaka thelathini na saba: mbuyu mmoja, halafu hatua mia mbili kuelekea mikoko. Mbuyu haupo. Ufuko umeliwa, mikoko mingine imekatwa, mingine imeota palipokuwa mchanga mtupu. Tukatembea huko na huko, yeye akisema ni hapa, mimi nikisema ni pale. Mjukuu wangu akachota tope sehemu nne, akaandika namba juu ya vichupa. Kisha yule mvuvi akavua viatu, akaingia ndani ya maji mpaka kifuani, akageuka kutazama nchi kavu.

"Mwalimu," akaita, "nadhani ni hapa niliposimama."